Petroli Imekwenda Wapi?

Somo la fizikia lililofanyika barabarani
Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Katika darasa la fizikia twafundishwa ya kuwa nishati haiumbwi wala haipotei. Hugeuka tu kutoka hali moja kuwa nyingine. Kanuni hii huandikwa ubaoni, nasi huinakili katika madaftari yetu, na wengi wetu huiacha humo humo. Mimi nilikutana nayo nje ya daftari wakati wa likizo ya katikati ya mwaka 2024, nyumbani kwa mjomba wangu huko Mafinga. Kijana mmoja alikuwa amefukuzwa kazi kwa kushukiwa wizi wa petroli, na njia ya pekee ya kujua kama alionewa au hakuonewa ilikuwa kuitafuta ile petroli imekwenda wapi.

Mjomba ni mfanyabiashara wa mbao. Kwa kazi analo lori, lakini kipenzi chake ni motokaa ya mbio, Subaru Impreza WRX, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika Japani. Penzi hilo ni la zamani. Subaru ya namna hii ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns, na mjomba, siku hizo kijana, alikuwa akiyafuata mashindano hayo redioni. Sasa macho yake hayaoni vema usiku, na kwa hiyo alimwajiri kijana wa jirani awe dereva wake. Mara moja kila wiki huenda Iringa na kurudi, safari ya kilomita 160 hivi jumla yake.

Rafiki yake mmoja mwenye motokaa kama hiyo alimwambia kuwa yake hupata kilomita 9 kwa lita moja. Ya mjomba ilikuwa haifikishi hata 6. Fanyeni hesabu wenyewe: kwa kilomita 9, safari ya Iringa yataka lita 18 hivi, ya mjomba ilikuwa ikitumia lita 28. Lita 10 hazionekani kila wiki, na wakati huo lita moja ilikuwa zaidi ya shilingi 3,000. Motokaa ilipelekwa gereji, ikasemwa ni nzima. Ile taa ya injini, ambayo huwaka kwenye dashibodi kompyuta inapoona hitilafu, haikuwaka hata siku moja. Basi mjomba akaamua: ikiwa mashine haina ugonjwa, mwenye kosa ni mtu. Kijana aliapa kuwa hajawahi kunyonya hata kikombe. Baba yake alikuja akasimama barazani, wakazungumza na mjomba kwa sauti ya chini kwa muda mrefu, wasipatane.

Nilipofika nilikuta kijana ana wiki ya pili nyumbani kwao. Nikasema, “Mjomba, nipe siku moja tupime.” Akanijibu, “Kupima nini, mjomba, na mimi nimelipa mwenyewe kila wiki?” Lakini alikubali.

Watu wengi husema motokaa yao inakula mafuta kwa kutazama mshale wa tenki ukishuka, au kwa kukumbuka fedha walizotoa. Hicho si kipimo. Mshale wa tenki ni mwongo; katika motokaa nyingi nusu ya juu huchelewa kushuka na nusu ya chini hukimbia. Kipimo cha kweli ni hiki: jaza tenki mpaka bomba la sheli lijizime lenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone, andika namba iliyo kwenye kihesabu kilomita, safiri, kisha rudi kwenye pampu ile ile, simamisha motokaa mahali pale pale, jaza tena mpaka bomba lijizime. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika. Afadhali safari iwe ya kwenda na kurudi, kwa sababu Mafinga iko juu kuliko Iringa. Aliyepima kwa kuteremka tu atajisifu bure, na aliyepima kwa kupanda tu atalia bure. Ukirudi ulipoanzia, nishati ya kimo imejilipa, isipokuwa ile uliyoipoteza katika breki wakati wa kuteremka.

Siku hiyo mjomba aliendesha mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa mchana, nami nikakaa kando yake na daftari. Hatukumwachia mtu motokaa hata dakika moja. Hata chakula tulikula tukiwa tunaiona. Tuliporudi kihesabu kilionyesha kilomita 156.0, na tenki likameza lita 27.9. Ukigawa, wapata 5.6 kwa lita.

Mjomba aliitazama ile karatasi ya sheli, akaikunja, akaitia mfukoni. Kijana hakuwamo katika motokaa ile, na lita 10 zilikuwa zimepotea vile vile. Hapo ndipo ningalitazamia mjomba aende kwa jirani jioni ile ile. Hakwenda. Alisema, “Tutafute kwanza ugonjwa, nisije nikaenda mikono mitupu.” Mimi niliona si haki, lakini sikuwa na cheo cha kumwambia mkubwa wangu hivyo, nikaona afadhali niharakishe kutafuta.

Kabla ya kuufungua mfuniko wa injini nilitaka kujua kama namba zenyewe ni za kweli. Katika mgawanyo kuna namba mbili, lita na kilomita, na kila moja yaweza kudanganya. Lita zilitoka kwenye pampu iliyokuwa na muhuri wa Wakala wa Vipimo, na lori la mjomba hujaza hapo hapo bila lalamiko. Kilomita je? Kihesabu cha motokaa hakijui umbali. Kinajua mizunguko ya gurudumu tu, kikaizidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani. Ukibadili ukubwa wa gurudumu, umekidanganya. Nikasoma kibandiko cha mlangoni: tairi 215/45R17. Nikasoma tairi zenyewe: 215/50R17. Mjomba alikuwa amezinunua hizo nene kidogo ili kuziokoa rimu zake na mashimo ya barabara.

Namba hizo si fumbo. 215 ni upana wa tairi kwa milimita. 45 ni kimo cha ubavu wake kikiwa asilimia 45 ya upana huo. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo tairi ya kiwandani ina kipenyo cha milimita 625, na ile ya mjomba 647. Tofauti ni asilimia 3.4. Kila kihesabu kinapoandika kilomita 100, motokaa imekwenda kilomita 103 na zaidi. Tulihakikisha kwa nguzo za kilomita zilizo kando ya barabara kuu: nguzo 20 zilipita, kihesabu kikaandika 19.3. Basi safari yetu haikuwa 156 bali 161, na ulaji wa kweli 5.8 kwa lita. Sehemu ndogo ya ule “wizi” ilikuwa ya hesabu tu, haikuwa ya petroli kamwe.

Sasa tuje kwenye fizikia yenyewe. Lita moja ya petroli ina nishati ya joto karibu megajuli 32. Ni nishati nyingi ajabu, lakini injini si mlaji mwaminifu: kwa safari ya kawaida motokaa kama hii hupeleka kwenye magurudumu kama sehemu moja tu katika tano, yaani megajuli 6.4. Sehemu nne zilizobaki hutoka kwa bomba la moshi, kwa rejeta, na kwa msuguano wa vyuma. Je, barabara inadai kiasi gani? Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika njia tambarare, upepo huirudisha motokaa hii nyuma kwa nguvu ya nyutoni 280 hivi; kubingirika kwa tairi hudai nyutoni 170 au 180; tuweke kidogo kwa msuguano wa gia na shafti, kwa kuwa magurudumu yote 4 yanavuta. Jumla, tuseme nyutoni 500. Zidisha kwa mita 100,000: megajuli 50 kwa kilomita 100. Gawa kwa 6.4, utapata lita 7.8, ambazo ni karibu kilomita 13 kwa lita. Hiyo ni njia tambarare, mwendo mmoja, bila kusimama. Ukiongeza vilima vya Nyanda za Juu, matuta ya vijijini na kupita malori, kilomita 8 hadi 10 kwa lita ni haki yake. Yule rafiki wa mjomba hakuwa akijisifu.

Hesabu hii ndogo yatupa njia ya kutafuta. Petroli ikizidi, ama barabara inadai kazi kubwa kuliko inavyopasa, ama injini inatoa kazi ndogo kutoka kila lita, ama dereva anaomba kazi asiyoihitaji. Hakuna mlango wa nne, ila mwizi, na huyo tulikwisha mtoa.

Tulianza na mlango wa kwanza, kwa kuwa hauhitaji spana. Juu ya paa kulikuwa na kichanja cha chuma cha kubebea sampuli za mbao, ambacho hakijashuka tangu motokaa inunuliwe. Nguvu ya upepo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kichanja kisichodhuru mjini kwa kilomita 30 hudai mara 9 zaidi kwa kilomita 90. Tukakishusha. Katika buti tulitoa jeki mbili, misumari kilo 40, na kipande cha mninga ambacho mjomba alikuwa akikitafuta tangu Pasaka. Upepo wa tairi ulikuwa paundi 24 mahali palipoandikwa 32. Tairi laini hujikunja kila inapozunguka, na kule kujikunja hugeuka joto. Hiyo ndiyo nishati yako inayotoka.

Tena, baada ya mwendo wa nusu saa, tulisimama polepole bila kukanyaga breki kwa nguvu, nikadondosha tone la maji kwenye kila rimu, karibu na katikati. Matatu yalitulia. La nyuma kushoto lilichemka likatoweka. Pistoni ya breki ya gurudumu hilo ilikuwa imekwama kwa kutu, na vitambaa vya breki vilikuwa vikiisugua sahani njia nzima kutoka Mafinga mpaka Iringa. Mtu asishike kwa mkono, ataungua; tone la maji latosha. Fundi aliisafisha na kubadili mpira wake. Hiyo peke yake ilikuwa hatari kubwa kuliko gharama ya petroli.

Tukapima tena, njia ile ile, pampu ile ile: lita 25.6, ambayo ni kilomita 6.3 kwa lita. Nafuu, lakini si dawa. Yafaa kusema hapa kwamba baada ya kutengeneza mambo ya namna moja tulipima kabla ya kugusa mengine. Mjomba alitaka tubadili kila kitu siku moja, “ili tumalize.” Ukifanya hivyo motokaa yaweza kupona na wewe usijue imeponywa na nini, na ikiugua tena utanunua vyote upya.

Wa kwanza kushtakiwa katika mlango wa pili, na kila mtu barazani, alikuwa kichujio cha hewa. Kweli kilikuwa kimejaa vumbi la mbao. Tulikibadili, lakini sikutazamia mengi. Zamani za kabureta kichujio kilichoziba kilileta petroli nyingi na hewa kidogo. Injini ya siku hizi hupima hewa inayopita, ikatoa petroli kulingana na hewa hiyo. Kichujio kikiziba hupunguza nguvu, petroli haizidi sana.

Injini hiyo hupima namna gani? Kwa kila gramu moja ya petroli huhitajika gramu 14.7 za hewa ili vyote viungue bila kubaki kimoja. Mlangoni mwa hewa kuna sensa inayopima hewa. Katika bomba la moshi kuna sensa ya oksijeni inayonusa kilichobaki. Kompyuta husikiliza zote mbili na kuzifungua nozeli kwa muda mfupi au mrefu. Ikiwa bomba la mpira lililo kati ya sensa ya hewa na injini limepasuka, hewa iliyokwisha kuhesabiwa hutoroka, na injini hupewa petroli ya hewa isiyokuwapo. Katika motokaa zenye tabo hili hutokea mara nyingi, kwa kuwa mabomba ni mengi na yana shinikizo. Tulipaka maji ya sabuni kwenye viungo vyote injini ikipandishwa mwendo. Hapakuwa na povu.

Fundi akatoa plagi. Katika injini hii silinda zimelala, mbili upande huu na mbili upande ule, plagi zikitazama kuta za motokaa, na kuzitoa ni adhabu. Fundi alichubuka vidole vitatu. Lakini ilikuwa kazi yenye faida. Plagi iliyo katika injini yenye afya hugeuka rangi ya kahawia hafifu. Hizi zote 4 zilikuwa nyeusi, na weusi wake mkavu kama masizi ya chungu. Oili nayo ilinuka petroli. Basi ilikuwa dhahiri: petroli ilikuwa ikiingia nyingi kuliko hewa, katika silinda zote sawasawa. Ingalikuwa nozeli moja inavuja, plagi moja ingalikuwa nyeusi peke yake. Amri ya kutoa petroli nyingi ilikuwa ikitoka juu, kwa kompyuta.

Nakiri ya kuwa hapo nilikwama siku mbili. Ufunguo ulitoka kwa shangazi, mke wa mjomba, naye hakujua kama ametoa ufunguo. Julai huko Mafinga ni baridi kali, asubuhi ukungu umelala mpaka saa tatu. Shangazi alikuwa akijifunga khanga mbili miguuni kwenda kanisani katika motokaa, akanung'unika, “Gari la fedha zote hizi, na hita yake inapuliza kama feni.” Mjomba akajibu kwa kujivuna kuwa hiyo ni sifa, injini yake haichemki, mshale wa joto umelala chini daima.

Tafakarini hapo kidogo kabla ya kuendelea. Hita ya motokaa haina moto wake. Hupuliza hewa kwenye maji yaliyotoka katika injini. Hita ikiwa baridi, maji ni baridi. Maji yakiwa baridi baada ya mwendo wa saa nzima, injini haijapata moto.

Katika mzunguko wa maji wa kila motokaa kuna kilango kidogo kiitwacho thamostati. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi nta imeganda, kilango kimefungwa, na maji huzunguka ndani ya injini tu bila kwenda rejeta, ili yapate moto upesi. Yakifika joto la nyuzi 78 hivi kwa injini ya namna hii, nta huyeyuka, hupanuka, husukuma kilango kikafunguka, na maji huenda rejeta kupoa. Ni kifaa rahisi, hakina waya wala betri. Ukiwasha injini asubuhi na kugusa bomba la chini la rejeta, lapasa libaki baridi dakika nyingi, kisha lipate moto kwa ghafula. Kwa motokaa ya mjomba rejeta nzima ilianza kupata uvuguvugu mapema, kidogo kidogo, pamoja na injini. (Anayejaribu aangalie mikono yake na feni, wala asifungue mfuniko wa rejeta yenye moto.) Fundi akafungua mahali pa thamostati. Palikuwa tupu.

Mjomba ndipo akakumbuka. Mwaka uliotangulia, akitoka Dar es Salaam, injini ilichemka katika mlima wa Kitonga. Gereji moja njiani, ambayo sitaitaja, ilimtolea thamostati ikamwambia kuwa nchi yetu ni ya joto, haihitaji kitu hicho, ni cha Wazungu na Wajapani kwa ajili ya theluji. Maneno haya mtayasikia katika gereji nyingi. Mtu aliyesema hivyo hakudanganya kwa makusudi, maana injini iliacha kuchemka kweli. Lakini tangu siku ile haikupata moto wake tena, hasa katika baridi ya Mafinga.

Na sasa yaeleweka kwa nini kompyuta ilitoa petroli nyingi. Petroli haiungui ikiwa maji maji. Huungua ikiwa mvuke. Katika injini baridi sehemu ya petroli hunata kwenye kuta bila kugeuka mvuke, na kwa hiyo kompyuta huongeza kipimo ili injini isizimike, kama inavyofanya kila asubuhi dakika za kwanza. Kwa motokaa ya mjomba ilikuwa asubuhi mchana kutwa. Fundi aliazima kifaa kidogo cha kusomea kompyuta. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa maji yalikuwa nyuzi 49. Mbali na petroli ya ziada, oili baridi ni nzito na huzidisha msuguano, na kuta baridi za silinda hunyonya joto ambalo lingalisukuma pistoni.

Kwa nini basi taa ya injini haikuwaka? Kwa sababu sensa ya joto haikuwa mbovu. Ilisema nyuzi 49, na kweli zilikuwa 49. Kompyuta ilisikia habari ya kweli, ikatii kama ilivyofundishwa. Katika motokaa hii taa huwaka sensa inaposema jambo lisilowezekana, na nyuzi 49 ni jambo linalowezekana. Waliokuwa wakingoja taa iwaeleze wangalingoja mpaka leo.

Hatukurudisha thamostati mara moja. Ikiwa injini ilichemka Kitonga, ilikuwa na sababu, na kilango kipya kisingeiondoa. Rejeta ilitolewa ikamiminiwa maji: nusu ya njia zake zilikuwa zimeziba kwa kutu na tope, matokeo ya kuongezewa maji ya mtoni miaka mingi. Ilisafishwa, ikawekwa maji yenye dawa yake, thamostati mpya, plagi mpya, oili mpya kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imechanganyika na petroli. Hita siku hiyo ilimfukuza shangazi nguo ya pili. Tukaenda Iringa: lita 20.9. Kilomita 7.7 kwa lita.

Ukabaki mlango wa tatu, nao ulikuwa na mjomba mwenyewe ndani yake. Hapa sina budi kueleza tabo, kwa kuwa ndiyo inayoitenga motokaa ya mbio na nyingine. Ni feni mbili katika shafti moja: ya kwanza huzungushwa na moshi unaotoka, ya pili husukuma hewa ndani ya silinda kwa shinikizo. Injini ya lita 2 hupata hewa ya injini kubwa zaidi, na kwa hewa kubwa hupewa petroli kubwa. Tena si kwa kipimo cha 14.7. Tabo inaposukuma kwa nguvu kompyuta hushuka mpaka gramu 11 au 12 za hewa kwa gramu moja ya petroli, kwa makusudi, kwa sababu petroli inayozidi hupoza chumba cha moto na kuzuia injini kugonga. Huo si ugonjwa, ni ulinzi. Lakini kila ukisikia mluzi wa tabo, sehemu ya petroli yako inatoka bombani bila kuungua. Na petroli yenye oktani ndogo hufanya injini iwe na tabia ya kugonga. Kompyuta huchelewesha cheche kuizuia, na nguvu hupungua, dereva naye hukanyaga zaidi. Japani petroli bora huuzwa kwa oktani karibu 100, nazo injini hizi zilitengenezwa kwa hiyo.

Mjomba alipenda ule mluzi. Kila kilima aliupiga. Tena, kwa kusikia kwamba tabo yataka kupozwa, aliiacha injini ikinguruma uani robo saa kila arudipo, na robo saa kila asubuhi kabla ya kuondoka. Motokaa iliyosimama ikinguruma hupata kilomita sufuri kwa lita. Hakuna iliyo mbaya kuliko hiyo. Baada ya mwendo wa taratibu dakika moja yatosha.

Nani basi aendeshe kipimo cha mwisho, maadam mjomba alikiri kuwa mguu wake hautii? Jioni ile alivaa kanzu yake safi akaenda mwenyewe kwa jirani. Alikaa huko mpaka usiku. Sikuwapo, ila shangazi alisema kuwa alianza kuzungumza na baba kabla ya kijana, kama ipasavyo, na kwamba mishahara ya wiki zote alizokaa nyumbani ililipwa. Kijana alikubali kurudi kwa sharti moja: kuwe na daftari ndani ya motokaa, kila lita iandikwe na kila kilomita, na mjomba atie sahihi kando ya sahihi yake.

Aliendesha yeye Jumanne iliyofuata, akibadili gia mapema, akiinua mguu kabla ya matuta na si juu yake, tabo haikusikika ila mara mbili tulipopita malori. Lita 18.3, kilomita 8.8 kwa lita. Nilipokuwa nikifungasha kurudi shuleni niliona ukurasa wa kwanza wa daftari lile. Ulikuwa na mistari mitatu, namba zote zikiwa zimekwisha zidishwa kwa 1.034.